Nikidabo dau kila ninapoliwa, si lazima nitashinda tu?

*Swali la msomaji:*

*"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 29, nina kibanda cha vipuri vya bodaboda Mbagala. Tangu mwezi uliopita nacheza ruleti kwenye simu. Naweka 1,000 kwenye nyekundu. Nikiliwa naweka 2,000, halafu 4,000, 8,000, hivyo hivyo mpaka nyekundu itoke. Ikitoka, hela zote nilizoliwa zinarudi na 1,000 juu, naanza upya. Kila jioni nilikuwa napata kama 7,000 naacha. Wiki tatu nzima sikulala na hasara, nikafikisha faida ya 140,000. Alhamisi iliyopita nyekundu ikagoma mara nane mfululizo, nyeusi saba na sifuri moja. Nikaliwa 255,000 ndani ya dakika kumi, mtaji ukaisha. Mara ya tisa ningerudisha zote! Je, ni bahati mbaya tu? Nikiwa na mtaji mkubwa si nitakuwa salama? Mimi ndiye natunza hela ya kikoba chetu, 1,200,000, na hawaihitaji mpaka Desemba. Nawaza niitumie wiki chache nirudishe zangu, kisha niache kabisa. Au nisubiri nyeusi zitoke tano ndipo niingie nyekundu? Pia kuna kundi la Telegram wanauza signo za kindege kwa 30,000, wanasema hazikosei."*

Marahaba, mdogo wangu. Umeandika swali lako kwa uwazi na umeweka namba zote mezani. Wengi wanaoniuliza habari za kamari hutaja walichoshinda na kuficha walicholiwa. Nitakujibu kwa namba zako mwenyewe. Ila kabla ya hesabu yoyote: hiyo hela ya kikoba isitoke ilipo mpaka umemaliza kusoma.

Nikikuelewa vizuri, huniulizi kama kamari ni mbaya. Hilo umeshaambiwa nyumbani na msikitini au kanisani. Unachouliza ni hiki: ukiipiga kwenye karatasi, hesabu yako inakubali kila mara, kwa nini basi mfukoni imekataa? Ni swali la haki, nawe si wa kwanza kukutana nalo. Mbinu yako ina jina, huitwa martingale, na Wafaransa walikuwa wakiicheza tangu karne ya 18, kabla hata ruleti haijafika kwenye kasino maarufu ya Monte Carlo. Kila kizazi kinaivumbua upya kwa sababu kweli inaonekana haina pa kushindwa.

Tuanze na gurudumu lenyewe. Ruleti ya Ulaya, ambayo ndiyo utaikuta kwenye michezo mingi ya simu, ina vyumba 37 ambamo kigololi kinaweza kutua: nyekundu 18, nyeusi 18, na sifuri moja ya kijani. Ukiweka nyekundu, vyumba 18 ni vyako na 19 ni vya kampuni. Lakini wanakulipa kana kwamba mko nusu kwa nusu. Hapo ndipo wanapopatia riziki yao: kwa wastani, kila shilingi unayoweka, sehemu moja kati ya 37 inabaki kwao, yaani asilimia 2.7. Ukihamia kwenye namba moja pekee, wanakulipa 35 kwa moja wakati malipo ya haki yangekuwa 36 kwa moja. Piga hesabu, utakuta ni ile ile moja kati ya 37. Ruleti ya Kimarekani ina sifuri mbili, vyumba 38, na makato yanapanda hadi asilimia 5.26. Ndiyo maana ukiniuliza kama kampuni inachezea gurudumu ili ikule, nitakwambia haina haja ya kujisumbua. Sifuri inafanya kazi hiyo mchana na usiku bila kosa lolote la sheria.

Sasa mlolongo wako wa mara nane. Uwezekano wa nyekundu kukosa mara moja ni 19 kati ya 37. Kukosa mara nane mfululizo, unazidisha namba hiyo kwa yenyewe mara nane, unapata kama 0.0048. Kwa maneno ya kawaida, ni mara moja katika kila raundi 207. Raundi hapa namaanisha safari nzima, tangu dau la 1,000 mpaka ushinde au mtaji wako uishe.

Mara moja kati ya 207 inasikika kama kitu cha mbali. Wewe lakini ulikuwa unacheza raundi saba kila jioni. Kwa wiki tatu ulishacheza raundi 140. Uwezekano wa mtu kufikisha raundi 140 bila kukutana na huo mlolongo hata mara moja ni kama 51 kati ya 100. Maana yake, kati ya watu 100 wanaocheza kama wewe na mtaji kama wako, 49 hivi wangekuwa wameshaanguka kufikia siku hiyo. Alhamisi yako haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa jambo la kawaida kabisa, na kama kuna cha kushangaza basi ni kwamba wale 51 waliobaki ndio wanaokaa kijiweni kusimulia jinsi mbinu inavyolipa. Wale 49 wamenyamaza, au wanasimulia habari za mpira.

Ulichokuwa unafanya, ukikitazama vizuri, ni biashara ya bima. Ulikusanya ada ya 1,000 kila raundi, na ukaahidi kulipa fidia ya 255,000 siku ajali ikitokea. Biashara hiyo si mbaya kama ada inatosha. Ya kwako haikutosha: kati ya ajali moja na nyingine unakusanya kwa wastani 206,000, kisha unalipa 255,000. Kampuni ya bima inayoweka bei hivyo itafunga, hata kama miezi yake ya kwanza ni mizuri.

Na hapa ndipo lilipo kosa lenyewe. Wewe unaamini unacheza dau la 1,000. Sivyo. Nilipojumlisha madau yote ya raundi moja, zile 2,000, 4,000 na 8,000 kila moja kwa uzito wa uwezekano wake wa kufikiwa, nilipata kwamba kila raundi unaweka mezani kwa wastani 8,800 hivi. Makato ya asilimia 2.7 yanakatwa kwenye hizo 8,800. Kwa hiyo kila "ushindi" wa 1,000 unakugharimu kama shilingi 238, ila hazikatwi siku hiyo. Zinajikusanya kimya kimya na zinadaiwa zote kwa mkupuo. Mtu anayeweka 1,000 tu bila kudabo, mizunguko 60 kwa saa, anapoteza kwa wastani kama 1,600 kwa saa. Wewe kwa kasi ile ile ulikuwa unapoteza karibu 7,000 kwa saa huku ukiona faida kwenye skrini. Mbinu za madau hupanga tu hasara itakuja lini na kwa sura gani. Ukubwa wake unaamuliwa na jumla ya shilingi ulizopitisha mezani, na kudabo ni njia ya haraka sana ya kupitisha shilingi nyingi.

Niwe mkweli kwako, maana nisipokwambia hili utalisoma kwingine udhani nilikuficha. Kama mtu angekuwa na 255,000, akahitaji 1,000 moja tu, akacheza raundi moja na kuondoka asirudi tena maishani, kudabo kungemfanikisha mara 995 kati ya 1,000. Wanahisabati Lester Dubins na Leonard Savage walionyesha mwaka 1965 kwamba katika mchezo unaokukandamiza, ukiwa na lengo maalumu la kufikia, kucheza kwa ujasiri na mara chache ni bora kuliko kudonoa donoa. Kinachokumaliza ni kurudia. Na hakuna mtu niliyewahi kumwona akicheza raundi moja na kuondoka.

Mtaji mkubwa je? Watu wengi hudhani hapa ndipo tatizo linapoisha. Tuseme una milioni nne na ushee, unaweza kuweka madau 12 mfululizo ukidabo. Ajali sasa inakuja mara moja katika raundi 2,974, mbali kweli. Lakini ikija inachukua 4,095,000, wakati katikati umekusanya kama 2,973,000. Linganisha: kwa mtaji wa madau nane, kabla ya kuanguka ulikuwa unarudisha karibu asilimia 81 ya utakachopoteza, kwa mtaji wa madau 12, asilimia 73. Kadiri unavyoongeza mtaji ndivyo uwiano unavyozidi kuharibika, kwa sababu wastani wa hela unayoweka kila raundi nao unapanda. Halafu kuna ukomo wa dau. Kila meza ina kiwango cha juu, na kama kwenye mchezo wako ni 200,000 kwa mfano, dau la tisa la 256,000 lisingekubaliwa hata ungekuwa na hela ya Dangote. Ule mzunguko wa tisa unaoujutia huenda haukuwepo kabisa. Na kama ungekuwepo, nao ulikuwa na njia 19 za kukula dhidi ya 18 za kukuokoa.

Hilo linatuleta kwenye kusubiri nyeusi tano. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walijazana mezani wakimimina hela kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini zamu yake imefika. Mtu aliyesubiri kwa subira mpaka nyeusi ya 15, akaanza na 1,000 na kudabo, angeliwa mara 11 mfululizo, jumla 2,047,000. Na huyo alisubiri mara tatu ya unavyotaka kusubiri wewe. Kabla ya mzunguko wa 26, uwezekano wa nyekundu ulikuwa 18 kati ya 37, kama ilivyokuwa kabla ya wa kwanza.

Najua kinachokupotosha, maana ni kanuni ya kweli iliyoeleweka vibaya. Ni kweli kwamba ukizungusha mara nyingi sana, nyekundu na nyeusi zinakaribiana kwa asilimia. Lakini hazikaribiani kwa sababu nyekundu inalipa deni. Nyeusi ikishatangulia kwa mara kumi, gurudumu halifanyi chochote kurudisha hizo kumi. Ukizungusha mara 10,000 zaidi, tofauti ya kumi inakuwa kitu kidogo sana mbele ya maelfu, basi. Inamezwa tu. Ukisubiri nyeusi tano, faida pekee unayopata ni kwamba wakati unasubiri huchezi.

Kuna mbinu nyingine watakuletea. Moja ina jina la Mfaransa d'Alembert, unapanda dau moja moja badala ya kudabo. Nyingine inafuata mfuatano wa Fibonacci, ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Nyingine ni kudabo unaposhinda badala ya unapoliwa. Sitakuchosha nazo. Zote zinakutana na sehemu moja kati ya 37 kwenye kila shilingi, na hakuna namna ya kujumlisha hasara nyingi ndogo ndogo ukapata faida. Kuna fomula maarufu ya John Kelly ya mwaka 1956, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, inayokwambia uweke sehemu gani ya mtaji wako kulingana na faida uliyo nayo juu ya mpinzani. Ukiweka ruleti ndani ya fomula hiyo, jibu linatoka hasi. Yaani dau sahihi ni sifuri.

Utaniuliza mbona kuna watu waliwahi kuishinda kasino. Wapo. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha mwaka 1962 kwamba katika mchezo wa karata wa ishirini na moja (blackjack) mchezaji anaweza kupata faida ndogo kwa kuhesabu karata zilizokwisha kutoka. Iliwezekana kwa sababu karata iliyotoka haipo tena kwenye fungu, kwa hiyo zilizobaki zinakuambia kitu. Ruleti haina fungu linalopungua. Na karata za kwenye simu, zile zinazochezeshwa na kompyuta, kwa kawaida huchanganywa upya kila mkono, hivyo hata ujuzi wa Thorp hauna pa kushika.

Kindege nacho tukimalize upesi. Ni mchezo wa simu uitwao Aviator: kindege kinapaa huku dau lako likizidishwa, nawe unatakiwa kuruka, yaani kuchukua hela, kabla hakijatoweka. Waliotengeneza Aviator wenyewe wanatangaza kwamba mchezo unarudisha asilimia 97 kwa wachezaji. Maana yake uwezekano wa kindege kufika mara mbili ni kama asilimia 48.5, na kufika mara 1.10 ni kama asilimia 88. Ukiruka mapema au ukingoja, wastani wa hasara ni ule ule, shilingi tatu katika kila mia, na raundi zinakuja moja baada ya nyingine bila kukupa nafasi ya kupumua. Kila raundi inatokana na namba ya siri ya seva ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuingia raundi hiyo. Huyo wa Telegram hawezi kuzijua kabla. Biashara yake ni rahisi: anawapa watu nusu signo hii na nusu signo ile, kisha anapiga picha za skrini za waliopatia. Na jiulize, mtu mwenye signo isiyokosea anahitaji 30,000 yako ya nini?

Sasa kikoba.

Nimepiga hesabu ya mpango wako jinsi ulivyo. Kwa 1,200,000 unaweza kuweka madau kumi mfululizo ukidabo, jumla 1,023,000. Unataka kurudisha 255,000, yaani raundi 255 bila kuanguka. Uwezekano wa kufanikiwa ni kama 72 kati ya 100. Nimesema sitakuficha kitu, ndiyo hiyo. Ninaiogopa namba hii kuliko kama ingekuwa kumi, kwa sababu inavutia. Upande wa pili ni 28 kati ya 100 kwamba utasimama mbele ya wanachama Desemba ukiwa umepoteza karibu akiba yao yote: hela ya ada ya mtoto wa fulani, ya bati la fulani. Zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wanaofanya unachowaza huishia hapo. Ukichanganya pande zote mbili, mpango huo unakupotezea kwa wastani 66,000 na ushee, kabla ya makato ya kutoa hela kwenye simu. Na hela ya kuaminiwa ikipotea, jambo hilo linakuwa kesi.

Tena hasara yako halisi si 255,000. Ulishashinda 140,000, kwa hiyo umetoka mfukoni 115,000. Kwa mwenye kibanda cha vipuri hiyo inauma, lakini inarudi kwa kuuza cheni na pedi za breki, polepole, bila uwezekano wa 28 kati ya 100 wa kuaibika.

Ukiniuliza ningechagua nini, ningeacha ruleti ya simu moja kwa moja. Kama unapenda tu mchezo wenyewe na unaamini unaweza kujizuia, basi icheze kama unavyonunua tiketi ya mpira: kiasi ulichokwisha kukitoa kichwani mwako, dau lile lile kila mara, bila kudabo hata siku moja, na kiasi kikiisha unazima simu. Lakini kwa barua uliyoniandikia sidhani upo kwenye kundi hilo kwa sasa, na nakuambia hivyo kwa heshima. Mtu aliyefika mahali pa kuwaza hela za wenzake ili arudishe zake ameshavuka mchezo. Neno lako "nirudishe kisha niache kabisa" nimelisikia kwa watu wengi, na mwendelezo wake mara nyingi ni mikopo ya simu, kisha kausha damu.

Mimi ni mwalimu wa takwimu, si daktari. Lakini najua hili: Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Si udhaifu wa tabia wala ukosefu wa akili, na una matibabu, hasa ya mazungumzo na mtaalamu. Dalili za kukupeleka hospitali ni hizi: unaongeza dau ili usikie msisimko ule ule, unamficha mkeo au ndugu, unakopa au kuwaza kuchukua kisicho chako, umejaribu kuacha ukarudi, hulali vizuri. Ukijiona kwenye mbili tatu, nenda. Na kama imefika mahali pa kuwaza kujidhuru kwa sababu ya deni, usingoje kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke leo.

Kwa sasa fanya mambo haya. Waandikie kampuni uliyojiandikisha wakufungie akaunti, kisha futa programu kwenye simu. Wakikataa, au wakikuzungusha kukulipa salio lako, lalamika kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ndiyo inayowapa leseni. Mwambie mtu mmoja unayemwamini habari ya zile 255,000. Na hela ya kikoba ipeleke kwa mwenyekiti wiki hii, useme tu kwamba unaona si salama mtu mmoja kukaa nayo. Waifungulie akaunti ya saini mbili au tatu. Huna haja ya kueleza zaidi.

Kwa upande wa hospitali, uko Dar es Salaam, na Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Wasomaji wa mikoani waanzie hospitali ya rufaa ya mkoa. Dodoma ipo Mirembe. Ukifika mapokezi sema unataka kliniki ya afya ya akili, inatosha. Habari za ruleti utamweleza daktari mkiwa wawili, si pale dirishani mbele ya foleni.